SIKIO LA BIBI KIZEE

Ndugu zetu wa visiwani, ambao wengi wao hawajapata kuvuka bara hata wakafika Usukumani, watauliza Mwamapalala ni wapi. Ni kata ya wakulima wa pamba na wafugaji wa ng'ombe, iliyokuwa chini ya Wilaya ya Bariadi enzi za Mkoa wa Shinyanga, na ambayo leo, tangu kuundwa kwa Mkoa wa Simiyu mwaka 2012, imo katika Wilaya ya Itilima. Tulifika huko kwa kazi ya Chama, yaani kukagua matawi na kusikiliza wanachama. Kazi hiyo ilikwenda kama iendavyo siku zote, na hatuoni haja ya kumchosha msomaji kwa habari zake.

Habari yenyewe ilianza jioni, baada ya chakula, tulipokaribishwa kwenye shikome. Hivyo ndivyo Wasukuma wanavyouita moto wa uani ambapo wazee huketi na vijana wakapewa mafunzo ya ukoo wao. Pale tulikuta hadithi ya Masala Kulangwa inasimuliwa, nasi tukadhani tutasikiliza, tutashukuru, kisha tutakwenda kulala. Kumbe hadithi ilikuwa ni mlango tu. Ilipokwisha ndipo mazungumzo yalipoanza, wala hayakumalizika hata majogoo ya kwanza yakawika.

Kwa wasioijua, hadithi ni hii. Zimwi liitwalo Shing'weng'we liliwameza watu wote wa dunia pamoja na mifugo yao. Alisalimika mwanamke mmoja mjamzito, aliyejificha ndani ya chungu ya makapi. Akazaa mtoto wa kiume, naye ndiye Masala Kulangwa, jina linalofasiriwa kuwa mwenye akili ya kuelewa mambo upesi. Mtoto alipokua akamwuliza mama yake kwa nini wao ni wawili tu duniani, na alipokwisha kuelezwa akaanza kumsaka adui. Siku moja akaua panzi, akarejea akiimba kuwa amemuua Shing'weng'we. Mama akamwambia huyo ni panzi, mwanangu, tumchome tule. Siku nyingine akaleta ndege, nyingine paa, nyingine mnyama mkubwa zaidi, na jibu likawa lile lile. Hatimaye akalikuta zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua. Wakatoka baba yake, jamaa zake na watu wote. Lakini katika kupasua, kisu kilimkata bibi kizee mmoja sikio. Bibi yule akakasirika, akamtukana kijana na kutaka kumroga, ila watu walimlinda. Kijana akatafuta dawa, akamponya, na watu wakamsimika kuwa mtemi.

Swali la kwanza lilitoka kwa kijana wa sekondari. Watu waliishije tumboni miaka yote hiyo bila hewa wala chakula? Mzee mmoja akajibu kwamba waliendelea kulima mle mle, kwa kuwa zimwi lilikwisha kumeza mashamba na ng'ombe vilevile. Jibu hili liliwachekesha wengi. Sisi tuliolelewa chuoni, tukichapwa kwa kusahau herufi, hatukulicheka sana. Tulifundishwa tangu utotoni habari za Nabii Yunus, aliyemezwa na samaki akabaki hai akimtaja Mola wake, na hatukumbuki kuwa yuko mwanachuoni aliyetuambia tupime hewa iliyokuwamo tumboni mwa samaki yule. Lakini kijana alikuwa na haki yake ya kuuliza, na mzee alikuwa na wajibu wa kumjibu. Ndivyo ilivyokuwa hata mwisho: hapana aliyeambiwa nyamaza, hii ni hadithi tu.

Swali la panzi lilitushughulisha zaidi, kwa sababu lilitukumbusha nyumbani. Msomaji wa Unguja atakumbuka Nunda mla watu, katika hadithi ya Sultani Majnun iliyochapwa na Askofu Edward Steere katika kitabu cha hadithi za Kiswahili kilichotoka London mwaka 1870. Huko pia yumo kijana anayewinda asichokijua, akileta mnyama baada ya mnyama mbele ya mama yake, naye mama akimwambia siye. Tuliwasimulia wenyeji wetu hadithi hiyo, nao wakaisikiliza kama watu wanaopewa salamu za ndugu aliyepotea. Kisha yakaja maswali. Hilo zimwi lenu lilitoka wapi? Tukaeleza kuwa lilikuwa paka wa Sultani. Paka alipokula kuku, watu wakashtaki, Sultani akasema paka ni wake na kuku ni wake. Alipokula mbuzi na ng'ombe, jibu halikubadilika. Hata alipokula watu Sultani hakushtuka, mpaka paka alipowala watoto wake mwenyewe ndipo alipokiri kuwa huyo si paka tena.

Wazee wakatazamana. Mmoja akasema, "Basi ninyi wa pwani mna bahati. Mnajua zimwi lenu lililelewa na nani. Sisi letu lilikuja tu." Papo hapo akabishiwa na mwenzake, akisema kuwa hakuna zimwi linalokuja tu, bali wasimuliaji wa zamani waliogopa kumtaja mfugaji. Ubishi huo hatuwezi kuuandika wote hapa, na sehemu yake kubwa ilikuwa kwa Kisukuma cha ndani ambacho mkalimani wetu alikifupisha kwa hila.

Ipo tofauti nyingine. Katika masimulizi ya Unguja walioliwa na Nunda hawarudi. Usukumani wote hutoka wakiwa hai. Vijana wa Mwamapalala walitaka kujua kama baba yake Masala Kulangwa alitoka akiwa kijana au mzee. Swali hilo tuliliacha hapo, maana kila mtu alijibu kwa kutazama umri wake.

Tunafika sasa kwenye sikio. Hatuna budi kukiri jambo. Sisi wenyewe, katika mikutano ya hadhara, tumepata kuitumia hadithi hii mara nyingi. Zimwi tulilifanya ukoloni, na siku nyingine tukalifanya ujinga, umaskini na maradhi. Masala Kulangwa tukamfanya Chama. Watu walipiga makofi. Na kila mara tuliikomesha hadithi pale zimwi linapopasuliwa na watu kutoka wakishangilia. Sikio hatukulitaja kamwe, kwa kuwa tuliliona kama kijambo kidogo kinachoharibu sherehe. Tulipouliza watoto wa shule waliokuwapo pale, wengi wao nao waliijua hadithi ikiishia kwenye shangwe.

Bibi mmoja, aliyekuwa ameketi nyuma ya wanaume muda wote bila kusema, akatuuliza kwa upole, "Baba, kama zimwi ni huo ukoloni, yule bibi wa sikio ni nani?"

Hatukuwa na jibu. Tulijaribu kusema huenda ni mfano wa wasio na shukrani. Yeye akatikisa kichwa. Akatueleza kuwa mwaka 1974, ilipokuja Operesheni ya kuhamia vijijini, yeye alikuwa na mtoto mgongoni na mtama ulikuwa ghalani. Walihamishwa kabla hawajapata pa kuuweka, na mvua ikaunyeshea wote. Wasomaji wetu vijana yafaa wakumbushwe kwamba ni mwezi Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alipotangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, na kwamba kazi ikamilike kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Mamilioni ya watu walihama katika muda huo mfupi, na katika sehemu kadhaa za nchi nyumba za zamani zilibomolewa au kutiwa moto ili wenyewe wasirejee.

"Shule tumeipata, zahanati tumeipata, wala sikatai," akasema bibi. "Nilitolewa tumboni. Lakini sikio langu lilikatwa, na tangu siku ile kila anayekuja huniambia nishukuru."

Mzee mwenye shikome akaongeza kuwa watu wengi hukosea kwa kudhani yule bibi wa hadithi analaumiwa. Kwa maelezo yake, hasira ya bibi ni kosa pale tu inapofika kwenye uchawi; maumivu yake si kosa. Na alituomba tuangalie mpangilio: kijana hakupewa utemi alipolipasua zimwi. Alipewa baada ya kumponya bibi. Tulimwomba arudie, akarudia. Mwingine akapinga, akisema kwao alikozaliwa utemi hutangulia na dawa hufuata. Wakabishana, na hapo tukaona kwamba mpangilio wa matukio mawili katika ngano unaweza kuwa suala zito kuliko ajenda zetu zote za mchana ule.

Ngano ya namna hii ipo hata kwa Wasotho, kusini ya mbali, ambako shujaa huitwa Senkatana. Naye pia analiua dubwana lililomeza watu, na watu wanatoka. Lakini huko waliokombolewa wanamgeukia shujaa wao na kumuua. Tulipowaeleza hayo wenyeji wetu, kimya kilitanda kidogo. Yule bibi akauliza kama shujaa huyo alitafuta dawa ya waliojeruhiwa. Tukasema katika tuliyoyasoma hatukuliona jambo hilo. Akaguna tu.

Tunawaomba maafisa utamaduni, na wote wenye dhamana ya kukusanya masimulizi, wazingatie jambo moja la kazi. Kinasa sauti kisizimwe hadithi inapokwisha. Ngano ya Masala Kulangwa imekwisha kuandikwa na wengi, na haitapotea. Kinachopotea ni haya majibu: nani alilifuga zimwi, utemi ulitangulia au ulifuata, na kwa nini mama peke yake ndiye aliyeweza kumtambua adui. Juu ya hilo la mwisho tuliambiwa ni kwa sababu wengine wote walimwona kwa ndani tu. Wanaojua kujibu hivyo Mwamapalala wamebaki wachache, na karibu wote wana umri wa yule bibi.

Moto ulikuwa umebaki makaa tulipouliza dawa ile ilikuwa ni dawa gani. Mzee mmoja akasema ni mzizi, akautaja jina. Wa pili akasema mzizi huo ni wa tumbo, si wa masikio. Bibi akasema kuwa yeye alisimuliwa na mama yake kwamba kijana alikwenda mwenyewe nyumbani kwa bibi kizee, hakutuma mtu, na dawa aliibeba mkononi.

Mtoto mmoja, ambaye tulidhani amelala zamani, akainua kichwa akauliza kama sikio liliota tena. Bibi akacheka, akajifunga kitenge vizuri, akasema hilo atamjibu kesho.