Watu Wangapi Wanatosha?

Je, umewahi kusikia mtu akisema, "Mimi nilikunywa ile dawa nikapona, basi inafanya kazi"? Mwingine naye anabisha: "Mbona jirani yetu haikumsaidia kitu?" Wote wawili wamekosea. Mtu mmoja hatoshi. Sasa, watu wangapi ndio wanatosha?

Twende Mwanza. Kati ya mwaka 1991 na 1994, watafiti walitaka kujua: magonjwa ya zinaa kama kisonono na kaswende yakitibiwa vizuri kwenye zahanati na vituo vya afya, maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yatapungua? Walichagua maeneo 12. Sita yaliboreshewa matibabu, sita yakaendelea kama kawaida. Katika kila eneo waliandikisha watu wazima wapatao 1,000, wakawapima tena baada ya miaka miwili.

Mbona wengi hivyo? Angalia matokeo. Kwenye maeneo yaliyoboreshewa matibabu, kati ya watu 4,149 ambao mwanzoni hawakuwa na virusi, waliambukizwa 48. Kwenye maeneo mengine, kati ya 4,400, waliambukizwa 82. Yaani kama 12 kwa kila watu 1,000, na kule 19.

Haya, tuseme wangepima watu 100 tu kila upande. Wangepata labda mmoja huku na wawili kule. Hapo utasema nini? Inaweza kuwa bahati tu! Wangeandika "hakuna tofauti", kumbe ipo. Na wale waliotoa damu yao wangekuwa wameitoa bure.

Uwezo wa kugundua tofauti ambayo kweli ipo unaitwa nguvu ya utafiti. Watafiti wengi hutaka angalau asilimia 80: utafiti huo ukirudiwa mara 10, uigundue kama mara 8.

Ukipanga utafiti, kumbuka:

- Jambo likitokea kwa nadra, unahitaji watu wengi.
- Tofauti unayoitafuta ikiwa ndogo, unahitaji wengi zaidi.
- Watu wa kijiji kimoja hufanana kwa mengi. Kwa hiyo ongeza vijiji, siyo watu tu.
- Wengine watahama. Mwanza, karibu watu 3 kati ya 10 hawakuonekana tena.

Siku nyingine ukisikia "utafiti umeonyesha dawa hii haisaidii", usikubali haraka. Uliza kwanza: walipimwa watu wangapi?