Kabla ya Dawa, Uvimbe Upimwe Jeni

Mkaazi wa Kililana, Lamu, akiona damu kwenye choo, neno la kwanza atakaloambiwa ni bawasiri. Mara nyingi huwa ni bawasiri kweli. Lakini damu isiyokoma, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, kukonda na upungufu wa damu usioeleweka huweza pia kuwa dalili za saratani ya utumbo mpana, iliyo miongoni mwa saratani tano zinazoongoza nchini Kenya. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda katikati ya karne iliyopita, aliiona kuwa ugonjwa adimu kwa Waafrika, na mwaka 1971 akauhusisha uadimu huo na vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Leo si adimu tena.

Kililana ndiko ilikojengwa bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilianza kazi Mei 2021. Meli kubwa zinafika, ila matibabu mengi ya saratani bado yako mbali. Mgonjwa huenda Mokowe, akavuka kwa boti hadi Hospitali ya King Fahd mjini Lamu, na akipewa rufaa husafiri mamia ya kilomita hadi Coast General, Mombasa, au Nairobi kabisa. Kila awamu ya dawa ina nauli yake, malazi yake na siku za kazi zilizopotea. Mtu wa namna hii ndiye anayeumizwa zaidi na dawa isiyomfaa, na ndiyo maana kupima jeni za uvimbe si anasa ya matajiri.

Chini ya hadubini, vivimbe viwili huweza kufanana. Tofauti imo ndani, katika jeni zilizoharibika. Chukua jeni ya KRAS. Kazi yake ni kupokea ishara kutoka kwenye utando wa seli na kuiamuru seli igawanyike. Katika takriban vivimbe 40 kwa kila 100 vya utumbo mpana, jeni hii imebadilika, ikawa kama swichi iliyokwama: inaamuru ukuaji hata pasipo ishara. Dawa za setuksimabu na panitumumabu huzuia ishara kule juu kwenye utando. Swichi ikiwa imekwama chini yake, dawa hizo hazina la kuzuia. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2008 zilithibitisha hivyo: wenye KRAS iliyobadilika hawakufaidika nazo. Walibaki na vipele, kuhara na gharama. Leo jeni ya KRAS na ile inayofanana nayo, NRAS, hupimwa kwanza, ndipo dawa hizo zitolewe.

Kipimo cha pili ni rahisi zaidi, nacho kinastahili kufanyiwa kila mgonjwa. Seli ina protini nne, MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2, zinazosahihisha makosa ya kunakili DNA. Mwanapatholojia hupaka rangi maalumu kwenye kipande cha uvimbe aone kama zote zipo. Mojawapo ikikosekana, makosa hurundikana, na seli ya saratani huwa ngeni kiasi kwamba kinga ya mwili inaweza kuitambua ikisaidiwa. Mwaka 2020, utafiti wa wagonjwa 307 wenye uvimbe wa aina hii uliosambaa ulionyesha kuwa pembrolizumabu, dawa inayoisaidia kinga hiyo, ilizuia ugonjwa usiendelee kwa miezi 16.5 kwa wastani wa kati, dhidi ya 8.2 kwa waliopewa tibakemikali (kemo).

Pembrolizumabu ni ghali mno, na wengi wetu hatuwezi kuifikia. Hata hivyo jibu la kipimo lina faida bila dawa hiyo. Mgonjwa wa hatua ya pili mwenye upungufu wa protini hizo, baada ya upasuaji, hana faida ya kupewa dawa ya kemo ya 5-FU peke yake. Anaokolewa na kemo isiyo na maana. Tena, upungufu huo huweza kuashiria ugonjwa wa kurithi uitwao Lynch. Hapo hushauriwa kipimo cha damu, na kama amerithi, kila mtoto wake na kila ndugu yake wa damu ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuwa nao. Waliorithi wakijulikana mapema, huchunguzwa utumbo kwa kamera kila mwaka mmoja au miwili, na vinyama vinavyoota humo hukatwa kabla havijawa saratani.

Yote haya hutegemea kipande cha nyama kilichokatwa siku ya kwanza. Kinapaswa kuzamishwa mara moja katika formalini ya asilimia 10 iliyodhibitiwa asidi, ya ujazo mara kumi ya kipande chenyewe, kwa saa 6 hadi 72. Formalini yenye asidi, au kukaa humo wiki nzima, hukatakata DNA na kipimo hushindikana. Kipande kikishagandishwa ndani ya nta, huhifadhika miaka kwenye joto la kawaida. Kwa hiyo kipimo chenyewe hakimlazimu mgonjwa asafiri: nta inaweza kutumwa Nairobi naye akabaki nyumbani Kililana.

Kaunti na bima ya afya ya taifa zikigharimia formalini bora, usafirishaji wa vipande na kipimo cha protini nne, huenda zikatumia kidogo kuliko gharama ya dawa iliyokosea. Na mgonjwa, au mwanawe anayemsindikiza, aulize kabla ya kemo kuanza: uvimbe huu umepimwa jeni? Majibu yako wapi? Nta yangu imehifadhiwa wapi? Hiyo ni haki yake, na daktari mwema hufurahi kuulizwa.