Kutangulia Si Kufika: Daraja la Kwanza na Mlango wa Chuo Kikuu

Kila yanapotangazwa matokeo ya Kidato cha Sita, vigelegele na shukrani kwa Mola husikika hapa Songea, kuanzia Mfaranyaki hadi Lizaboni. Kijana amepata daraja la kwanza, na wazazi huona safari ya kwenda kusomea udaktari Muhimbili imekwisha kuiva. Furaha hiyo ni haki yao. Hata hivyo, wamo vijana wa daraja hilo hilo wanaokosa nafasi waliyoitaraji, na nyumba zao hubaki zikijiuliza kosa liko wapi. Tumeona vyema tulifafanue jambo hili.

Ndugu wasomaji, zipo mizani mbili. Baraza la Mitihani huhesabu A kuwa pointi 1, B pointi 2 na C pointi 3. Mwenye pointi chache ndiye bora. Daraja la kwanza ni pointi 3 hadi 9 katika masomo matatu ya tahasusi. Vyuo vikuu, kwa mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), huigeuza hesabu hiyo: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Basi mwenye A tatu na mwenye C tatu wote ni wa daraja la kwanza, lakini mbele ya chuo mmoja ana pointi 15 na mwenzake 9.

Kiwango cha chini cha kuomba udaktari ni kufaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa jumla isiyopungua pointi 6. Lakini kiwango hicho ni ruhusa ya kubisha hodi tu, wala si ahadi ya kufunguliwa. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Wenye pointi za juu hutangulizwa, na nafasi zikijaa mlango hufungwa.

Aidha, zipo kozi zinazorudi nyuma hadi Kidato cha Nne. Anayetaka kusomea biashara bila kuwa na Hisabati ya Kidato cha Sita huulizwa alama yake ya Kidato cha Nne. Binti aliyelipa kisogo somo hilo akiwa mdogo huja kudaiwa ukubwani.

Tufanye nini basi? Tangu mwaka 2017 maombi hupelekwa moja kwa moja vyuoni. Mzazi na mwana waketi pamoja, wajumlishe pointi kwa mizani ya chuo, wausome mwongozo wa TCU, kisha waombe zaidi ya chuo kimoja. Udaktari hufundishwa pia Mbeya, Dodoma, Mwanza na Moshi. Ambaye pointi hazikumtosha asikate tamaa: stashahada yenye wastani wa GPA 3.0 humrudisha kwenye mlango wa shahada, na Chuo Kikuu Huria kina kituo chake hapa hapa Songea.

Na mwenye mtoto aliye Kidato cha Kwanza leo asingoje matokeo ndipo aulize. Dua ni silaha ya muumini, na tawakali ya kweli hufuata juhudi. Tuwaombee watoto wetu, na jioni tuyakague madaftari yao.