Mchezo Nao ni Darasa

Wahenga walinena kwamba kazi mbaya si mchezo mwema. Tangu jadi usemi huu umetumiwa kuwahimiza vijana washike jembe na kalamu. Sina nia ya kuwakosoa wahenga. Hata hivyo, sisi walimu tumeugeuza usemi huo kuwa rungu la kuufukuzia mchezo shuleni, kisha twashangaa kuona wanafunzi wetu wanajua kujibu maswali ya mtihani lakini hawajui kupatana wenyewe kwa wenyewe pasipo mtu mzima kuwaamulia.

Mimi nilizaliwa na kulelewa Bungoma, na miaka mingi nimefundisha Kitale. Utotoni mwetu mpira haukununuliwa. Tuliufunga wenyewe kwa matambara, mifuko ya nailoni na kamba za mgomba. Wasichana walikata mipira ya ndani ya magurudumu wakaruka blada. Wadogo walijenga nyumba zao za kalongolongo, na waliotumwa kuchunga ng'ombe walifinyanga ng'ombe wengine kwa udongo wa mtoni. Goli letu lilikuwa mawe mawili, wala halikuwa na mti wa juu. Basi kila mpira uliopita juu ya kichwa cha kipa ulizua hoja: je, ni bao au si bao? Refa hakuwapo. Tulibishana, tukapima urefu wa mkono wa kipa, tukaafikiana. Tusipoafikiana mchezo ulikufa, na hasara ilikuwa ya wote. Isitoshe, mwenye mpira akionewa aliuchukua akaenda zake. Kwa hiyo hata mwenye nguvu alilazimika kumtendea haki mnyonge.

Mambo haya si porojo za mzee anayetamani ujana. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi ambaye walimu wengi tulisoma habari zake chuoni, aliwachunguza watoto wa nchi yake wakicheza gololi, zile ambazo watoto wetu huziita banoo, akachapisha aliyoyaona mwaka 1932. Alieleza kwamba mtoto mdogo huzichukua kanuni za mchezo kama amri za wakubwa zisizoguswa. Akikua kidogo, hutambua kwamba kanuni ni maafikiano ya wachezaji, nao waweza kuzibadilisha wakikubaliana. Je, raia mwema hujifunza jambo gani kubwa kuliko hilo?

Tangu mwaka jana mimi na walimu wenzangu wachache tumeanza kucheza tena. Jumamosi alasiri huungana na watoto wa mtaa katika mchezo wa kati. Wawili husimama kwenye ncha mbili wakirushiana mpira, na aliye katikati huukwepa. Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, kwa hiyo mpira wetu ni wa soksi kuukuu. Magoti yangu hulalamika, lakini moyo hurudi nyumbani ukiwa mwepesi. Siku moja msichana wa darasa la tano alinilenga begani, akasema kwa heshima zote, "Mwalimu, umetoka." Nikatoka. Niliketi kandoni pamoja na waliotoka kabla yangu, na nikaona jinsi watoto walivyonitazama. Pengine ilikuwa mara yao ya kwanza kumwona mwalimu akiitii sheria ambayo hakuitunga yeye.

Kitale ni mji wa lugha nyingi, na historia yake haikukosa machozi. Mapigano ya kikabila ya 1991 na 1992 yaliwang'oa wengi makwao katika Trans Nzoia na Bungoma, na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zikafanya vivyo hivyo. Sisemi kwamba mpira wa matambara ungeyazuia hayo. Nasema tu kwamba mchezo wa kati hauchezwi na mtu mmoja, na mtoto anayemhitaji mwenzake ili acheze hana haja ya kuuliza ukoo wake.

Wapo wazazi watakaouliza: na masomo je? Sheria imekwisha kujibu. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu cha 31 chatambua haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo yakataza masomo ya ziada wakati wa likizo. Hata mtihani wa KCPE, uliotumiwa kuhalalisha kila hila, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Hata hivyo, katika shule nyingi kipindi cha mazoezi ya viungo kingali chamezwa na Hisabati.

Mwalimu mwenzangu, kirudishe kipindi hicho. Kisha vua koti uingie uwanjani, nawe ukiguswa, utoke. Usiende na filimbi, maana filimbi yako itawanyima wanafunzi fursa ya kuamua. Nawe mwanafunzi wa sekondari, likizo ijayo wafundishe wadogo zako kufunga mpira na kuruka blada. Wakigombana, usikimbilie kuwaamulia. Wape muda, watapatana.