Jina la Kazi Lililofika Gerezani

Chukua simu ya mtu yeyote anayefanya biashara Gerezani, Dar es Salaam, ufungue orodha ya majina. Hutamkuta Juma peke yake, maana akina Juma ni wengi. Utamkuta Juma Welding, Juma Spea na Juma Bajaji, halafu Hamisi Fundi Friji na Mama Asha Chapati. Hakuna kikao kilichokaa kuamua waitwe hivyo. Mwenye simu anataka kuchomewa geti, na hataki kumpigia muuza spea kwa makosa, basi.

Nimeanza na simu kwa sababu hapo ndipo jina la ukoo linapozaliwa. Wenyeji wa miji ya Ujerumani walifanya jambo hilohilo miaka mia nane iliyopita, ila wao hawakuwa na simu, walikuwa na makarani. Kuanzia karne ya 12 miji ya kusini na magharibi mwa nchi hiyo ilikua, watu wakajaa, na majina ya ubatizo yakawa machache kuliko vichwa. Mtaa mmoja ungeweza kuwa na akina Heinrich sita. Karani wa kodi angejuaje ni yupi amelipa? Akaandika Heinrich, kisha pembeni yake akaongeza kazi anayofanya: Schneider, yaani mshona nguo.

Mara ya kwanza lile lilikuwa elezo tu. Mtoto wa Heinrich akirithi mkasi na sindano, elezo lilimfaa naye. Mjukuu akienda kuoka mikate na bado karani anamwandika Schneider, hapo neno limeacha kueleza kazi na limekuwa jina la ukoo. Jambo hili halikutokea kila mahali kwa wakati mmoja. Miji ilitangulia, vijiji vikafuata polepole, na huko Friesland, pwani ya kaskazini, watu waliendelea kuitwa kwa jina la baba mpaka Napoleon alipotoa amri mwaka 1811 kila familia iwe na jina la kudumu. Sheria ya usajili wa vizazi, ndoa na vifo ya mwaka 1875 ikaja kukaza hata tahajia: kuanzia hapo, herufi moja iliyokosewa na karani ilirithiwa na wajukuu.

Matokeo yake yapo wazi hadi leo. Majina ya ukoo yanayoongoza kwa wingi Ujerumani ni ya kazi na vyeo: Müller ni msaga nafaka, Schmidt ni mhunzi, Schneider ni mshona nguo, Fischer ni mvuvi, Weber ni mfumaji, Becker ni mwoka mikate. Mpenzi wa mpira anayemtaja Thomas Müller anamtaja mwenye kinu, na anayemkumbuka dereva Michael Schumacher anamkumbuka mshona viatu.

Utamu wa sayansi ya majina uko kwenye ramani. Watafiti wa vyuo vikuu vya Freiburg na Mainz walichukua orodha ya simu za mezani za Ujerumani ya mwaka 2005, wakahesabu kila jina liko wapi, na kutoka humo wakatoa atlasi kubwa ya majina ya ukoo yenye majuzuu kadhaa. Ukitazama jina la mshona nguo, nchi inagawanyika. Katikati na kusini kumejaa akina Schneider. Kaskazini, kwenye tambarare za Kijerumani cha chini, mkata kitambaa aliitwa kwa neno jingine, na huko ndiko waliko akina Schröder, kama yule Gerhard Schröder aliyekuwa Kansela kuanzia 1998 hadi 2005. Kando kidogo wako akina Schrader, na mashariki akina Schröter. Kazi ni moja, mkasi ni mmoja, ila lahaja zilitofautiana, na jina liligandisha lahaja iliyosemwa siku ile karani alipoandika.

Ni kama vile leo tungegandisha majina ya watu kwa kazi zao, halafu baada ya miaka mia tano mtafiti akute kundi moja linaitwa Cherehani na jingine Mshoni. Angeweza kuchora mpaka wa lahaja zetu bila kumsikia mtu hata mmoja akizungumza.

Kazi inapokuwa ya eneo dogo, au inapokufa kabisa, jina lake huwa adimu na ramani yake huwa nukta. Armbruster ni mtengenezaji wa pinde za chuma na mbao zilizoondolewa na ujio wa bunduki, na wenye jina hilo bado wamesongamana pembeni mwa Msitu Mweusi, kusini magharibi. Rebmann ni mtu wa mizabibu. Hilo ni jina la kusini magharibi ambako vilima vimepandwa zabibu, kwani sehemu nyingine mkulima huyohuyo aliitwa kwa maneno mengine. Sisi tunalijua jina Rebmann kutoka darasani. Johannes Rebmann, mmisionari wa Rabai karibu na Mombasa, ndiye aliyeandika kwamba tarehe 11 Mei 1848 ameiona theluji juu ya Kilimanjaro, wakubwa wa jiografia huko London wakakataa kumwamini. Alizaliwa mwaka 1820 Gerlingen, karibu na Stuttgart. Mtu anayejua ramani ya majina angeweza kukisia pembe ya Ujerumani aliyotoka kabla hajasoma habari zake.

Sasa turudi Gerezani, maana jina la mshona nguo wa Kijerumani lilifika hapa na likakaa.

Mwaka 1889 serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann von Wissmann kuja kuzima vita vya Abushiri bin Salim pwani. Wissmann hakuja na jeshi la Wajerumani watupu. Alikusanya askari Wasudani kutoka Misri na askari Wazulu kutoka upande wa Inhambane, Msumbiji. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huohuo, vita vikaendelea bara, na wale askari wa kigeni hawakurudi kwao. Walioa, wakasilimu, wakazaa, wakawa wenyeji wa miji ya pwani. Miongoni mwa Wazulu hao walikuwamo Sykes Mbuwane na mkubwa wake, Affande Plantan.

Sykes Mbuwane alipata mtoto mwaka 1894 huko Pangani, akaitwa Kleist. Baba alifariki mtoto akiwa mchanga, na Affande Plantan akamlea pamoja na watoto wake. Ndani ya nyumba hiyo ya Kiislamu, ya asili ya Kizulu, kwenye pwani ya Waswahili, majina ya Kijerumani yalikuwa ya kawaida. Kaka wa kulelewa pamoja na Kleist aliitwa Schneider. Schneider Abdillah Plantan: mshona nguo, mtumwa wa Mungu, na Plantan.

Tazama kilichotokea kwa neno hilo. Ujerumani lilikuwa kazi, likawa ukoo. Kwetu liliondolewa kwenye ukoo likawekwa mwanzo, mahali pa Juma na Hamisi. Aliyepewa hakuwa fundi cherehani. Alikuwa askari wa Vita vya Kwanza, na baadaye mmoja wa watu waliosukuma mageuzi ndani ya chama cha Tanganyika African Association (TAA) Dar es Salaam mwaka 1950, kisha akawa mtu wa TANU. Ndugu yake Thomas Plantan aliwahi kuiongoza TAA, na ndugu mwingine, Ramadhani Mashado Plantan, alikuwa na gazeti lake, Zuhra. Kleist mwenyewe alikuwa katibu mwasisi wa African Association mwaka 1929, akafanya kazi reli, akaishi hapahapa Gerezani, Mtaa wa Kipata. Wajerumani walituachia maneno shule na hela, na kila mtu anajua. Wachache wanajua kwamba walituachia pia majina ya watu waliopigania uhuru.

Kleist si jina la kazi. Ni la ukoo wa makabaila wa Pomerania, ukoo uliomtoa mwandishi Heinrich von Kleist, na pia Ewald Georg von Kleist, ambaye mwaka 1745 aligundua namna ya kuhifadhi umeme ndani ya chupa. Lakini mwendo wake Gerezani ni uleule wa Schneider, na unafundisha jambo ambalo ramani za Ujerumani haziwezi kufundisha.

Kwa desturi yetu jina kamili ni la mtu, la baba na la babu. Kila kizazi kinasogeza hatua moja. Jina lililo la kwanza leo litakuwa la pili kwa mtoto, la tatu kwa mjukuu, na kwa kitukuu halipo tena. Katika mpangilio huo jina la kazi halipati nafasi ya kulimbikizana hadi kufikia mamia ya maelfu kama Schneider kule kwao. Linaishi vizazi vitatu, linazimika. Kuna mlango mmoja tu wa kuliokoa, nao ni mila ya kumpa mtoto jina la babu yake. Jina linaruka kizazi kimoja na kuanza upya. Ndivyo Dar es Salaam ilivyopata Kleist Sykes wa pili, mjukuu wa yule wa kwanza na mtoto wa Abdulwahid Sykes. Mjukuu huyo alikuwa Meya wa Jiji mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Hata pale ambapo jina la ukoo limegandishwa na sheria, halina hakika ya kuishi. Mwaka 1873 Mwingereza Francis Galton aliuliza kwa nini koo mashuhuri zinatoweka, na Henry William Watson, mchungaji aliyekuwa mwanahisabati, akamsaidia kujibu. Unaweza kufanya hesabu yao kwa sarafu mbili za shilingi mia. Mtu mmoja ana jina adimu. Zirushe: kila kichwa kinachoonekana ni mtoto wa kiume mmoja atakayelibeba. Vichwa viwili, watoto wawili. Hakuna kichwa, jina limekufa. Kwa wastani kila mwanamume anaacha mtoto mmoja wa kiume, kwa hiyo ungedhani jina litadumu. Lakini uwezekano wa kufa katika kizazi cha kwanza ni asilimia 25. Kufikia kizazi cha pili ni asilimia 39, na cha tatu ni 48. Ndani ya miaka mia hivi, nusu ya majina yaliyoanza na mtu mmoja yamekwisha bila vita wala tauni. Yaliyoanza na watu elfu, kama Schneider ambalo lilizaliwa upya katika kila mji wenye mshonaji, hayatishiki. Ndiyo maana jina la kazi ya kawaida linaenea na la kazi ya nadra linabaki nukta.

Jina Sykes nalo lina kisa chake maabara. Ni la Kiingereza, la upande wa Yorkshire, na maana yake inahusu kijito au mtaro wa mpakani. Mwaka 2000 mtaalamu wa jenetiki wa Oxford, Bryan Sykes, alipima kromosomu Y za wanaume 48 wenye jina kama lake. Kromosomu hiyo hutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume, njia ileile ya jina la ukoo kwa Waingereza. Karibu nusu yao walikuwa na muundo mmoja, dalili kwamba walitokana na babu mmoja wa karne nyingi nyuma. Waliobaki walikuwa na jina bila damu hiyo, kwa sababu ya watoto wa kulea, wa nje ya ndoa, au watu waliojichukulia jina. Akina Sykes wa Gerezani wasingehitaji maabara kujua hilo. Jina lao ni la Yorkshire, asili yao ni ya Mzulu kutoka Msumbiji, na historia yao ni ya Dar es Salaam.

Msomaji asije akadhani majina ya kazi ni ya Wazungu, au ya majirani zetu Wagujarati wanaoitwa Darji, Luhar na Soni kwa ushonaji, uhunzi na usonara. Upareni wapo Washana. Washana ni ukoo wa wahunzi, na Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu historia ya siasa ya Wapare, alieleza jinsi walivyotawala Ugweno kabla ya kuondolewa na ukoo wa Wasuya. Enzi ile mwenye kujua kuyeyusha chuma ndiye aliyetoa jembe na mkuki, na mwenye jembe na mkuki ndiye mtawala. Leo Mshana unayekutana naye Kariakoo huenda ni mhasibu au mwalimu. Umbali mfupi kutoka alipo, Gerezani, vijana wanakunja bati na kuunga vyuma toka asubuhi, na hakuna hata mmoja kati yao anayeitwa Mhunzi isipokuwa kwa bahati.

Jina la Mshana limedumu kwa sababu lilikuwa la ukoo wote tangu mwanzo. Mengine mengi ya namna hiyo yamo vichwani mwa wazee tu. Fomu za kitambulisho cha taifa zinauliza majina matatu, haziulizi ukoo wa wahunzi, wafinyanzi au waganga uliokuzaa. Kwa hiyo ukiwa na babu au bibi aliye hai, muulize wiki hii: jina letu la ukoo ni lipi, lilitokana na kazi gani, na nani alikuwa wa kwanza kuitwa hivyo. Andika jibu pamoja na mahali alipozaliwa na lugha aliyosema. Mtaa wa Kipata alimoishi Kleist siku hizi unaitwa Mtaa wa Kleist Sykes. Schneider Plantan hana mtaa.