Pasi ya Nyumbani na Maji ya Mbagala

Je, wajua kwamba joto peke yake halinyooshi shati la pamba? Uzi wa pamba ni selulosi, minyororo mirefu ya molekuli iliyoshikana kwa vifungo vidogo vya haidrojeni. Nguo ikikauka imejikunja, vifungo hushika mkunjo. Unyevu huvilegeza, pasi hulaza uzi, na maji yakishakauka vifungo hujifunga upya, nguo ikiwa imenyooka. Ndiyo maana dobi mwenye pasi ya mkaa hunyunyiza maji kwanza, kisha huiburuza pasi juu ya jani bichi la mgomba ili iteleze bila kuacha masizi.

Kwa hiyo ukienda Kariakoo kununua pasi ya umeme, anza kwa kuipima uzito mkononi, maana uzito ndio unaosaidia kulaza uzi. Pasi za mvuke zenye tangi la maji zinavutia, na penye maji laini ni nzuri kweli. Lakini Mbagala na sehemu nyingine za Temeke kaya nyingi hutegemea visima, na maji mengi ya huko yana chumvi. Maji yakigeuka mvuke, chumvi na chokaa hubaki ndani ya pasi na kuziba vitundu, mpaka siku inatema matone ya kahawia juu ya shati jeupe la shule. Kwa nyumba ya huko ningechagua pasi kavu, nzito, ya wati 1,000 hivi, pamoja na chupa ya kunyunyizia yenye maji ya mvua.

Uzito una faida nyingine. Wati zilizoandikwa kwenye pasi ni za volti 230. Umeme ukishuka jioni hadi volti 180, wati 1,000 hubaki kama 610 tu. Bamba nene la chini huchelewa kupata moto, lakini pia huchelewa kupoa.

Kuhusu LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, pasi hiyo ikivuta umeme saa nzima bila kupumzika hula uniti 1. Kwa kawaida haifiki huko. Ndani mna kibamba cha metali mbili zilizogandana. Moja hutanuka kuliko nyingine, kibamba hupinda na kukata umeme. Mwambie muuzaji aichomeke hapohapo dukani kwenye joto la chini, usubiri taa izime. Isipozima, mrudishie. Plagi iwe ya miguu mitatu, na waya uwe umevikwa uzi, maana plastiki huyeyuka ikigusa pasi ya moto.

Kisha tazama pua yake. Kuna inzi, Cordylobia anthropophaga, anayeweza kutaga kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, na mabuu yake hupenya ngozi ya anayezivaa. Joto la pasi huua mayai hayo, ila pasi yenye pua butu haifiki kwenye mishono na pindo za nepi.