Gesi ya Kompresa Haiwekwi kwa Kubahatisha

Natengeneza friji za bucha hapa Mwanjelwa, Mbeya, na huitwa hadi Iringa kwa viyoyozi vya vyumba vya kompyuta. Kote huko ombi ni moja: "Fundi, gesi imekwisha, tia yoyote uliyonayo." Gesi haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, ujue inavuja. Kwanza tundu lizibwe.

Hiyo "yoyote" ndiyo inayoua kompresa. Uhai wa kompresa ni oili, na oili husafiri pamoja na gesi. Mashine za zamani za gesi ya R12 na R22 nyingi zina oili ya madini. R134a haichanganyiki nayo, inataka oili ya sintetiki. Ukiiweka bila kubadili oili, ile ya zamani hunasa kwenye koili, kompresa inakauka na kukwama. R410A nayo mgandamizo wake unazidi wa R22 kwa asilimia 60 hivi, kwa hiyo usiitie kabisa kwenye mashine ya R22. R290, yaani propani, inapatana na oili ya zamani, lakini inawaka. Ikivuja kwenye chumba kidogo, cheche moja ya rilei inatosha kuleta mlipuko.

Kabla ya kujaza, navuta hewa na unyevu kwa pampu. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Mshale wa geji, ambao Dar es Salaam hukaribia inchi 30 za zebaki, huku hugota kwenye 24 hivi. Vijana wangu nawaambia wasiingoje 30, huku haiji.

Gesi hizi zinabadilishwa kwa sababu nzito. Mkataba wa Montreal wa 1987 uliiondoa R12 kwa kuwa inaharibu ozoni, na R22 inafuata. Makubaliano ya Kigali ya 2016 yanapunguza R134a na wenzake: kilo moja ya R134a hupasha dunia joto kama kilo 1,430 hivi za kaboni dioksidi kwa miaka 100. Ndiyo maana friji nyingi mpya zinakuja na R600a, yaani isobutani, isiyo na madhara hayo.

Kwa hiyo, fundi akija kwako, msome naye kibati cha mashine. Muulize anaweka gesi gani, oili ipi, na kama amevuta hewa. Akitaka kuiachia gesi ya zamani angani, mkatalie. Aikusanye kwenye mtungi.